Maalim aliyetaka mikato tu: uchambuzi wa kisa cha muswada mmoja wa Pemba

Maalim alinipokea Wete, barazani kwake, jioni ya manyunyu. Pembeni yake palikuwa na mfuko wa plastiki wa duka la nguo, na ndani ya mfuko kurasa 412 za A4 zilizofungwa kwa uzi wa katani. Kahawa haijafika, keshanieleza ninachotakiwa kufanya.

"Sheikh wangu, kazi imekwisha. Nipitie mikato na nukta tu, basi."

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yake, kwa sharti kwamba nisimtaje yeye wala kitabu chake. Nakiandika kwa sababu kila mwaka napokea miswada mitatu minne yenye maradhi haya haya, na wenyewe wote wanadhani wanaumwa lugha. Maalim alidhani hivyo. Mimi nami, kwa wiki mbili za mwanzo, nilidhani pamoja naye.

Riwaya ilihusu ndugu wawili wenye shamba moja la urithi karibu na Konde, kaskazini ya Pemba, katika miaka ya 1970. Karafuu kwa sheria iliuzwa serikalini tu, na bei ya serikali ilikuwa ndogo. Ng'ambo ya bahari, upande wa Shimoni na Mombasa huko Kenya, bei ilikuwa nyingine kabisa. Kwa hiyo usiku majahazi yaliondoka. Ndugu mkubwa anakamatwa kwa magendo, anafungwa, shamba linabaki mikononi mwa mdogo. Miaka inapita kabla familia haijajua nani aliyepeleka habari kwa wakubwa. Aliyepeleka ni huyo huyo mdogo.

Kisa kizuri. Nimekua nikisikia visa vya namna hii na bado nilishituka.

Muswada ulikuwa umeshakataliwa mara mbili. Mara ya kwanza Maalim aliuandika wote kwa Kipemba, masimulizi na mazungumzo, na mchapishaji mmoja akamjibu kwa nusu ukurasa kwamba msomaji wa nje ya Pemba atapata tabu. Maalim akakaa miezi minane akiusafisha. Kila "nchoto" ikawa "mtoto", kila "siye" ikawa "sisi", kila methali ya bibi yake ikatafutiwa nyenzake iliyomo vitabuni. Akaupeleka kwa mchapishaji wa pili. Jibu likaja: lugha ni safi sana, ila hadithi haina uhai.

"Wa kwanza kasema chumvi nyingi," alinambia Maalim. "Wa pili kasema chumvi hamna. Sasa mimi nipike vipi?"

Hasira yake haikuwa ya barua mbili tu. Maalim amesomesha Kiswahili skuli kwa miaka mingi na historia anaijua: mkutano wa Mombasa wa 1928 ulioichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu, na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi 1930. Kwake yeye, tangu hapo Mpemba akishika kalamu lazima kwanza atazame nyuma kama kuna mtu anamsahihisha. Nilimkumbusha kwamba Said Ahmed Mohamed, mmoja wa vigogo wa riwaya ya Kiswahili, kazaliwa hapa hapa Pemba. Akanijibu kwamba ndiyo, na yeye pia hakuandika yote kwa Kipemba. Hapo alikuwa na haki, nami nikanyamaza nikanywa kahawa.

Basi nilivyoondoka Wete nilikuwa nimeshajiwekea swali: Kipemba kiasi gani? Lilikuwa swali la makosa. Kulijua hilo kulinigharimu muda, na ndiyo sababu naeleza nilivyolijua.

Kusoma bila kalamu

Nilimwomba anipe miswada yote miwili, wa Kipemba na wa sanifu. Nikaisoma mara ya kwanza bila kushika kalamu. Hili nalisema kwa sababu watu hawaliamini: mhariri anayeanza kusahihisha herufi tangu ukurasa wa kwanza haoni hadithi. Ni kama fundi anayepaka chokaa ukuta ambao bado hajaamua kama utabaki au utavunjwa.

Mara ya pili nikachukua daftari. Kila sura nikaipa mstari mmoja wenye mambo matatu: nani anaona, nini kinabadilika, na msomaji anajua nini mwisho wa sura ambacho mwanzoni hakukijua. Sura zilikuwa 23. Katika sura tisa, safu ya "nini kinabadilika" ilibaki tupu. Mzee anakwenda shamba, anarudi, anakula, analala. Sura ya kwanza yote ilikuwa hotuba: Kisiwa cha Pemba kinapatikana kaskazini ya Unguja, kina rutuba, kinasifika kwa karafuu, mikarafuu ilishamiri zama za Seyyid Said, kimbunga cha 1872 kikaiangusha mikarafuu ya Unguja na Pemba ikashika usukani. Yote kweli. Lakini nani anayasema? Kwa nani? Mtu wa Konde hamwambii mtu wa Konde kwamba Pemba ina karafuu.

Safu ya "nani anaona" ndiyo iliyonikamata. Nilijaza: Mungu, Mungu, Mungu, Mungu. Msimulizi wa Maalim alikuwa mjuzi wa yote, anaingia moyoni mwa kila mtu kama upepo unavyoingia kwenye banda la makuti. Na kwa kuwa anajua yote, katika sura ya tano akaingia moyoni mwa ndugu mdogo, akatueleza kinagaubaga kwamba ana wivu na ameshakwenda kusema. Sura ya tano kati ya 23! Sura 18 zilizobaki familia inatafuta jibu ambalo msomaji analo mfukoni.

Hapo ndipo nilipoelewa barua zote mbili. Muswada wa kwanza ulimchosha msomaji kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumshika mkono ndani ya Kipemba kile, ilikuwa sauti isiyo na mdomo. Wa pili ulikufa kwa sababu ile ile: sauti haina mdomo, na sasa hata lafudhi imenyang'anywa. Tatizo lilikuwa msimulizi. Lahaja ilikuwa inasingiziwa.

Kuna mahali pengine palipothibitisha. Katika muswada wa Kipemba, bibi anatazama juu mtini na kusema: "Nchoto weye, zishaona haya hizo. Kesho tupande." Zishaona haya: vifumba vya karafuu vimeanza kuwa vyekundu, ni wakati wa kupanda mtini kuchuma. Katika muswada wa sanifu bibi huyo huyo anasema: "Mtoto wangu, maua ya mikarafuu yamechanua, kesho tutaanza kuchuma." Nilicheka peke yangu. Karafuu ikichanua imeshaharibika, huchumwa ingali kifumba. Maalim kapanda mikarafuu tangu ana miaka saba, analijua hilo kuliko mimi, lakini alipokaa kuandika "kwa ufasaha" mkono wake ulikamata neno la kitabu cha darasani, na kitabu kikamdanganya. Usanifishaji ulikuwa umemfuta bibi, na pamoja naye ukafuta elimu ya bibi.

Makosa mengine ya kumbukumbu yalikuwapo, nayataja kwa haraka. Babu ananunua sehemu ya shamba 1934 kwa shilingi, wakati Zanzibar ilitumia rupia mpaka 1936. Mzigo wa karafuu mbichi unakaushwa na kutoa uzito ule ule, wakati kwa kawaida kilo tatu mbichi hutoa kama kilo moja kavu. Msomaji wa Pemba akikuta jambo hilo atafunga kitabu, na atakuwa na haki yake. Haya ni ya kurekebisha baadaye. Niliyaandika kwenye karatasi ya pembeni nikayaacha.

"Nimekuomba mikato"

Mkutano wa pili haukuwa mzuri. Nilimpelekea Maalim daftari langu na kumwambia kwamba sijaweka hata mkato mmoja. Alilifungua, akasoma safu yangu ya "Mungu, Mungu, Mungu", akalifunga.

"Sheikh, mimi nimekuomba mikato, weye wanikata mti."

Kosa langu la kwanza lilikuwa hilo: nilimpa mtu maiti kabla ya kumpa salamu. Kama ningeanza na kile kilichonishitua, yale maneno ya bibi, au ukurasa wa usiku wa kukamatwa ambao hata katika muswada uliokufa ulikuwa unapumua, angenisikiliza mapema. Sasa huwa naanza hivyo, na si kwa adabu tu. Mwandishi anatakiwa ajue kipi asikiguse.

Nikamwomba jambo dogo. Asiandike riwaya upya. Achukue tukio moja tu, usiku wa kukamatwa, aliandike mara tatu: kwa msimulizi yule yule wa zamani, kwa macho ya ndugu mdogo, na kwa macho ya mtu mwingine yeyote aliyekuwamo nyumbani usiku ule. Kurasa tatu tatu, basi. Ukibadilisha msimulizi wa kitabu kizima kabla ya kujaribu tukio moja utapoteza mwaka, na unaweza ukafika mwisho ukagundua sauti uliyochagua haibebi.

Wiki mbili baadaye akanipigia simu. Toleo la kwanza hakutaka hata kunisomea. La pili lilikuwa zuri kiasi, lakini ndugu mdogo akisimulia lazima ama aseme kosa lake mapema ama amfiche msomaji kwa hila, na hila ile ilikuwa inanuka. La tatu alilisoma kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwengine.

Alikuwa amemchagua mtoto wa kike wa miaka 11, binti wa yule anayekamatwa. Usiku ule nyumba nzima imekaa jamvini inachambua karafuu, kama inavyofanywa kila msimu: unashika kishada, unakikandamiza kwenye kiganja, karafuu zinaanguka, makonyo yanabaki mkononi. Watu wazima wanazungumza. Mtoto anachambua na kusikiliza. Hakuna anayemjali mtoto aliyeinamia karafuu.

Sentensi ya kwanza ilikuwa hii: "Usiku ule waliokuja kumchukua baba, mimi nilikuwa na makonyo mkononi." Na baada yake: "Bibi alitukataza kunyanyuka jamvini mpaka pishi ya mwisho ichambuliwe. Wale watu hawakumjua bibi, wakadhani tumekaa kwa woga."

Nikamwambia Maalim ukurasa wa kwanza wa kitabu chake ni huo. Pemba inapopatikana kwenye ramani msomaji atajua mwenyewe.

Bei ya kuwa na macho mawili tu

Msimulizi wa aina hii ana gharama, na mara nyingi waalimu wa uandishi hawaitaji. Mtoto wa miaka 11 hawezi kuwa jahazini. Sura ya tisa ya muswada, kurasa 31, ilikuwa safari ya usiku kutoka Pemba hadi pwani ya Kenya: tanga bila taa, magunia yaliyofunikwa kwa dagaa, mashua ya doria inayopita karibu mpaka wanasikia mtu akikohoa. Ndiyo sura aliyoipenda kuliko zote. Mimi pia.

Nilimshauri aiondoe. Nilisema kwa uhakika kabisa, kama mhariri anavyosema anapotaka kuonekana mhariri: kile unachokipenda sana ndicho cha kukata. Maalim akanyamaza wiki sita. Simu hapokei, ujumbe hajibu.

Aliporudi, alikuwa na jibu lililonishinda. Safari hakuikata, aliigawa vipande vitatu. Ami yake yule mtoto, yaani ndugu mdogo, anaisimulia jamvini mara tatu katika miaka tofauti. Mara ya kwanza msimu ule ule: yeye ndiye aliyeshika usukani. Mara ya pili miaka minne baadaye, harusini: usukani ulikuwa kwa kaka, yeye alikuwa anakumba maji. Mara ya tatu, akiwa mgonjwa: hakuwamo jahazini kabisa. Mtoto, sasa msichana, sasa mwanamke, anasikia mara zote tatu na anazilinganisha. Doria ni ile ile, kikohozi ni kile kile, lakini mtu aliyekisikia anahama. Msomaji anaanza kujiuliza: kama hakuwamo, alikuwa wapi usiku ule?

Kwa hiyo ushauri wangu ulikuwa mbovu, na nimeuacha. Nilichokiona ni kizuizi cha msimulizi, nikadhani kizuizi hutibiwa kwa panga. Maalim yeye alijiuliza huyu mtoto angezipata vipi habari hizi, na kila jibu likawa tukio.

Hapo ndipo lahaja ilipojijibu

Baada ya msimulizi kupatikana, suala la Kipemba lilimalizika kwa jioni moja. Nakumbuka tulikuwa tumejitayarisha kwa mabishano ya siku tatu.

Anayesimulia ni mwanamke mtu mzima. Tukaulizana: sasa anaishi wapi? Maalim akasema Unguja, ameolewa huko. Basi amekaa miaka thelathini baina ya lugha mbili, masimulizi yake yatakuwa ya Kiswahili cha kila siku cha Unguja, na pale kumbukumbu inapomkaba linamtoka neno la nyumbani. Msomaji wa Tabora au Nakuru atamfuata bila tabu, kwa sababu naye anatafsiri moyoni kama anavyotafsiri yeye. Bibi anasema Kipemba kitupu. Maalim wa skuli ndani ya hadithi anajitutumua kwa usanifu mbele ya watu, akikasirika anarudi kwao. Maofisa wanaokuja usiku wanazungumza Kiswahili cha karatasi.

Kisha Maalim akatoa jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Ami anasema Kipemba siku zote, isipokuwa anapodanganya. Akidanganya anahamia sanifu. Katika kisa cha kwanza cha jahazi anasema, "Sisi tulikuwa tumekaa kimya," badala ya "Siye twali kimya." Mtoto haelewi kwa nini masikio yake yanawasha. Msomaji makini ataelewa mara ya pili, na asiye makini mara ya tatu. Kile kilichofanya muswada ukataliwe mara mbili kikawa ndio ushahidi wa kesi.

Kwa anayeandika mazungumzo ya lahaja, njia tuliyoifuata ilikuwa kusikiliza kwanza mpangilio wa maneno na mwendo wa sentensi, kisha kuandika sauti chache tu. "Nchoto" na "nchu" tuliziacha kwa bibi, zinasikika kwa jicho. Hatukuandika kila matamshi, maana ukurasa uliojaa alama za kudondosha herufi unamfanya mhusika aonekane kituko, na bibi hakuwa kituko. Na neno lolote gumu lilitakiwa lieleweke kwa kinachofanyika pale pale. Makonyo yako mkononi mwa mtoto, karafuu zinaanguka. Kuna haja gani ya kueleza?

Jambo jingine la lugha, dogo kwa sura lakini lilikula mwezi mzima: ile -ka-. Maalim alikuwa na kurasa za "akaamka, akavaa, akatoka, akaenda, akamkuta". Hadithi ya mdomo inaipenda -ka-, ni pumzi ya msimulizi na wasikilizaji wanaisubiri. Kwenye karatasi, -ka- ishirini mfululizo zinalaza mambo yote kitanda kimoja: kuvaa kanzu na kumsaliti ndugu vinapata uzito sawa. Tukakubaliana -ka- itumike pale tu mambo yanapokimbia. Mazoea ya nyumbani yalichukua hu-: bibi huchambua, hanyanyuki. Yaliyotulia kwenye kumbukumbu yakachukua -li-. Usiku wa kukamatwa, Maalim aliandika ukurasa mzima kwa -li- na hu-, halafu -ka- ya kwanza inatokea pale mlango unaposukumwa. Niliposoma nilisikia mlango.

Sasa ndiyo mikato ikaja. Miezi kumi na moja baada ya jioni ile ya Wete, nilishika kalamu nyekundu kwa mara ya kwanza. Muswada ulikuwa umeshuka kutoka maneno kama 107,000 hadi 70,000 hivi. Mikato ilichukua siku tisa.

Mkataba, kwa ufupi

Upande wa uchapishaji sina mengi, kwa sababu muswada ukishakaa sawa mambo haya yanakwenda kwa kusoma karatasi vizuri. Tulifikiria kwanza tuzo. Si njia ngeni hapa: Mohamed Said Abdulla, aliyempa Mswahili mpelelezi wake Bwana Msa, alianzia kwenye mashindano ya hadithi ya 1957 hadi 1958, na kitabu kikatoka 1960. Karibu zaidi, Zainab Alwi Baharoon wa Zanzibar alishinda tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ya 2018 kwa riwaya. Maalim hakutaka kusubiri. Anayetaka kusubiri asome masharti kwa makini, kwa kuwa tuzo za miswada hutaka kazi ambayo haijachapishwa, na kuweka sura zako kwenye mtandao huku unangojea majaji ni kujitafutia balaa.

Mchapishaji wa tatu alikubali. Mkataba ukaja kwa barua pepe na Maalim alikuwa tayari kutia saini usiku ule ule, kwa furaha. Nilimzuia kwa mambo mawili.

Kwanza mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa. Karatasi ilisema asilimia 10, naye akaridhika. Asilimia 10 ya nini? Chukua kitabu cha shilingi 15,000. Asilimia 10 ya bei ya jalada ni 1,500. Lakini mkataba ulisema "ya mapato halisi". Mwenye duka la vitabu akipewa punguzo la asilimia 40, mchapishaji anapokea 9,000, na mwandishi anapata 900. Hakuna dhulma hapo, wachapishaji wengi hufanya hivyo, ila mwandishi ajue anasaini 900 na siyo 1,500. Tulikubali mapato halisi, lakini asilimia ikapanda ikawa 12, na ikaandikwa kwamba hesabu italetwa kila Juni na Disemba hata kama hakuna kilichouzwa.

Pili, kifungu kimoja kilitoa "haki zote, kwa njia zote, kwa muda wote". Hapo palikuwa na filamu, redio, tafsiri na kitabu cha kusikiliza, vyote vimemezwa na mstari mmoja. Tukamwachia mchapishaji uchapaji wa Kiswahili kwa miaka saba, vingine vikabaki kwa Maalim. Mchapishaji hakubisha hata kidogo. Mara nyingi vifungu hivi hukaa mkatabani kwa sababu hakuna aliyeuliza. Hakimiliki yenyewe Maalim alikuwa nayo tangu alipoandika, haisubiri muhuri, lakini Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake ya hakimiliki, COSOZA, na kuandikisha kazi huko kunasaidia siku ya ugomvi.

Tulichogombana na mchapishaji ni faharasa. Alitaka maneno 64 ya Kipemba yaelezwe mwisho wa kitabu. Maalim aliona ni kurudi kule kule, Mpemba kuwekewa mkalimani. Mimi niliona kwamba faharasa haidhuru ikiwa fupi. Tulipita neno kwa neno, na kila neno ambalo tukio linalieleza tukalifuta. Yakabaki 11. Bado sina hakika kama hata hayo yalihitajika, na Maalim ana hakika kwamba hayakuhitajika.

Kitabu kilipangwa kurasa 248, na mpigachapa akasema ama 240 ama 256, kwa sababu karatasi kubwa hukunjwa kutoa kurasa 16 na hakuna anayelipia karatasi nyeupe. Maalim akakata kurasa nane kwa siku mbili, bila ya kulalamika. Mtu yule yule aliyenambia nakata mti.

Kisha ikaja prufu, kurasa zilizokwisha kupangwa ili zisomwe kabla ya kuchapwa, na prufu karibu itutie kaburini. Mpangaji wa kurasa, kijana mwema na mchapakazi, alikuwa ameupitisha muswada kwenye programu ya kusahihisha tahajia. Kila "siye" ikawa "siyo". "Siyo twali kimya," anasema bibi. "Siyo wa Konde." Nyumba nzima ya watu wa Konde ilikuwa inajikana yenyewe, ukurasa baada ya ukurasa, mara 143. Kosa lilikuwa letu: hatukumpa orodha ya tahajia zetu. Sasa kila muswada unaotoka mezani kwangu una karatasi moja mbele yake: maneno haya yameandikwa hivi kwa makusudi, usiyaguse.

Prufu ya pili Maalim aliisoma nyumbani kwa sauti, usiku, mbele ya shangazi yake aliye na umri wa kupita themanini na ambaye hakuwahi kusoma riwaya. Ilirudi Unguja kwa boti ya Jumamosi, ndani ya mfuko ule ule wa duka la nguo. Nilianza kupitia nikijua hakuna kitu, tulishaisoma mara zisizo na hesabu, mimi, yeye, mchapishaji, mpangaji kurasa. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, ulikuwa na alama ya kalamu nyekundu. Baada ya "makonyo" Maalim alikuwa amebadilisha neno, na pembeni akaandika kwa herufi ndogo: shangazi anauliza, mkono gani?

"Usiku ule waliokuja kumchukua baba, mimi nilikuwa na makonyo mkono wa kushoto."